Bakuli la Kwanza ni la Marehemu

Januari 6, Dili

Daftari hili kanipa Lastri, binti yangu. Alinishindilia mfukoni bandarini Surabaya akasema, "Bapak, hasira ikikupanda usinipigie simu. Andika." Basi naandika. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo herufi zangu zimekaa kama kuku waliofukuzwa, ila hasira ninayo ya kujaza madaftari ya wilaya nzima.

Nimefika. Meli mpaka Kupang, basi mpaka Atambua, halafu mpaka wa nchi kwa miguu, sufuria kubwa kichwani kwa mchukuzi, magurudumu ya mkokoteni mgongoni kwangu. Askari wa mpakani akachungulia ndani ya sufuria kama vile nimeficha mtoto.

"Mzee, unaenda kufanya nini Timor?"

"Kuuza bakso."

"Wauza bakso wako tele huko. Wajawa wenzako wote."

"Najua. Nimekuja kumpunguza mmoja."

Akacheka mpaka akagonga muhuri juu ya kidole chake. Alidhani natania.

Huyo mmoja anaitwa Tarjo. Alikuwa mkwe wangu. Nilimfundisha mwenyewe bakso, supu ya madonge ya nyama: kukanda nyama na barafu, kuiminya ngumini mpaka itoke duara kama macho ya chura, kuchemsha mifupa ya uboho, kugonga bakuli kwa kijiko ili mtaa ujue umepita. Siku moja ya Ramadhani, Lastri yuko sokoni, akaondoka na sufuria ya marehemu mke wangu Sumini. Hakuaga. Mahakama ya talaka ilimwita, kiti kikakaa kitupu. Lastri akapata talaka yake mbele ya kiti. Leo anauza peke yake kule kwetu Wonogiri, chini ya jina langu: Bakso Mbah Midi. Mbah ni babu. Midi ni mimi, Sarmidi.

Nina muda mpaka Idi. Kwetu, asubuhi ya Idi, mdogo akija akapiga magoti mbele ya mkubwa na kuomba radhi, mkubwa hana ujanja. Anaweka mkono kichwani, anasema nimesamehe, na watu wote wanatazama. Kwa hiyo lazima nimmalize kabla. Nikishammaliza, aje apige magoti mpaka magoti yaote sugu.

Januari 8

Mvua. Fundi anaunga mkokoteni. Nimepanga chumba kwa Tia Filomena, mama mwenye sauti ya king'ora na nguruwe watatu uani.

"Avo, usiwaogope, hawaumi," akaniambia. Avo ni babu wa huku. Kila ninakokwenda naitwa babu, hakuna anayeniita kijana hata kwa bahati mbaya.

"Nami siwaumi," nikamjibu.

Tumepatana: wao upande wao, mimi wangu.

Januari 11

Nilikwenda kumtafuta Tarjo, nikajikuta mimi.

Barabara ya pwani, chini ya mti, mkokoteni wa buluu. Kwenye kioo chake pamechorwa uso mkubwa. Masikio ya popo. Chunjua kidevuni. Uso wangu! Na chini yake, kwa rangi nyekundu: BAKSO MAREHEMU MBAH MIDI. Pembeni utepe mweusi, na mshumaa ndani ya kopo la maziwa.

Nikamuuliza mama mmoja kwenye foleni, "Huyu ni nani?"

"Baba mkwe wa mwenye mkokoteni. Maskini, alikufa kwa majonzi."

"Majonzi ya nini?"

"Ya mkwe wake kuhamia huku. Walipendana kama chanda na pete. Ndiyo maana kila asubuhi bakuli la kwanza haliuzwi, anampa marehemu, pale juu ya ukuta. Na huwa linaliwa, Avo! Wengine wanasema ni mbwa, lakini mimi..."

Hapo akanitazama vizuri. Akatazama picha. Akanitazama. Akafanya ishara ya msalaba na kuondoka bila supu yake.

Tarjo alikuwa ameinama, anaosha vyombo. Amenenepa. Sufuria ni ile ile ya Sumini, naijua kwa bonde alilolitia siku alipomrushia paka akamkosa. Niliondoka kabla hajainuka, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umeanza kutafuta jiwe.

Ameniibia sufuria, sawa. Amemuacha binti yangu, Mungu anaona. Lakini kuniua? Tena kwa majonzi ya kumkosa yeye?

Januari 12

Nimempigia Lastri. Amesema, "Bapak, nilisema uandike," akakata.

Januari 15

Leo tumekutana uso kwa uso, mimi na muuaji wangu.

Sisi Waislamu wote wauza bakso tunasaga nyama kwa Pak Mahfud, mtu wa Lamongan, mwenye mashine sokoni Taibesi. Mashine nyingine zote sokoni zinasaga na nguruwe, kwa hiyo alfajiri utatukuta kwa Pak Mahfud tumejipanga na ndoo zetu za nyama na barafu, kila mtu anamsengenya aliye mbele yake. Nikaingia na ndoo yangu. Tarjo akageuka. Ndoo ikamponyoka, barafu ikatawanyika sakafuni.

"Bapak?"

"Bapak yupi? Bapak yako kafa. Picha ipo."

Alikuja kunibusu mkono. Nikautia mfukoni. Wenzetu wakageuka wote, mashine nayo ikaonekana kama inasikiliza.

"Bapak, naifuta leo hii. Naapa. Ilianza kama... watu huku wanawaheshimu sana wafu, nikasema..."

"Ukasema unizike, nikuletee wateja. Usiiguse!" Nikamsogelea mpaka nikasikia harufu ya kitunguu saumu kwenye shati lake. "Uache hapo hapo uso wangu. Siku mkokoteni huo utakapokosa hata nzi, nataka watu waone nani alikuwa anakutazama."

Pak Mahfud akakohoa, akasema mzee, nyama yako inayeyuka.

Januari 16

Nimejiuliza usiku kucha: hilo bakuli la marehemu, kwani mali ya nani? Asubuhi nikavaa kofia mpaka puani, nikazunguka nyuma ya ukuta. Bakuli lilikuwepo, linafuka moshi. Tarjo kanipa mgongo. Nikalishusha, nikachuchumaa, nikala.

Kitunguu saumu amekikaanga kwanza, kama Sumini. Mifupa imeiva mpaka supu inanata midomoni. Majani ya figili ameyatia mwisho, si mwanzo kama wavivu. Nyama inaruka ikiguswa na jino.

Nimekasirika zaidi. Mwizi mpishi mbaya unaweza kumhurumia.

Nililirudisha tupu. Nyuma yangu mama mmoja akapiga kelele, "Roho imekula!" na foleni ikaanza kuimba.

Januari 19

Nimekula. Chumvi kidogo imepungua.

Januari 20

Nimekula. Chumvi sawa.

Januari 24

Mkokoteni wangu umekamilika. Nimeandika BAKSO MBAH MIDI ALIYE HAI. Nikausukuma barabara ya pwani, nikawa natangulia mbele ya Tarjo kila kona, nagonga bakuli: tatu za haraka, mbili za uvivu, mdundo wangu tangu ujana. Naye nyuma anagonga vile vile, maana ndivyo nilivyomfundisha. Mtaa mzima ukachanganyikiwa.

Wanafunzi wakanisimamisha. "Avo, wewe ndiye marehemu?"

"Ndiyo mimi."

"Huko mbinguni kuna bakso?"

"Ipo, lakini foleni ndefu. Nunueni hapa."

Walicheka, wakaenda kununua kwa Tarjo. Mtu anapenda kununua kwa anayemlilia marehemu kuliko kwa marehemu mwenyewe.

Januari 28

Mvua. Mto Comoro umejaa. Sikuuza. Nguruwe mmoja wa Tia Filomena ameingia chumbani akanitazama kama mwenye nyumba.

Februari 2

Nguruwe yule ndiye aliyenipa akili.

Kule Wonogiri kuna neno moja tu la kummaliza muuza bakso. Silaha ya mwisho. Unalisema asubuhi, saa sita mkokoteni umepinduliwa, jioni mwenyewe amehama mkoa. Sikuwahi kulitumia, hata kwa adui. Lakini adui hajawahi kunitia utepe mweusi.

Nimemngoja Tia Filomena aanze kuwapa nguruwe makombo, nikajifanya nahema kwa huzuni.

"Tia, nikwambie siri? Usimwambie mtu." Nilichagua maneno hayo kwa makusudi, kwa sababu Tia Filomena ukimwambia usimwambie mtu, redio ya taifa inaweza kupumzika. "Ile bakso ya Tarjo... anachanganya nguruwe."

Ndoo ya makombo ikamtoka mkononi. "Weee! Nguruwe?"

"Nguruwe."

"Kweli, Avo?"

"Nimekula kwake kila asubuhi. Mimi najua kilichomo." Na hapo sikusema uongo. Najua kilichomo.

Akatupa khanga begani, akatoka. Nimelala vizuri mara ya kwanza tangu nifike.

Februari 3

Naandika kabla sijapasuka.

Nilikwenda pwani asubuhi kutazama maangamizi. Nikakuta foleni inafika kanisani. Watu wamekuja na sufuria zao kutoka nyumbani! Akina mama, madereva wa teksi, mtawa mmoja. Tia Filomena yuko mbele kabisa, bakuli mkononi, mdomo unang'aa mafuta.

"Avo! Kumbe anatia kitimoto! Kwa nini mlitunyima taarifa siku zote?"

"Tia, ni nguruwe!"

"Ndiyo! Ndiyo maana ni tamu!"

"Lakini..." Nikatafuta neno. Nilikuwa nimetumia bunduki ya Wonogiri katika nchi ambayo risasi zake ndizo kitoweo cha harusi.

Tarjo anazunguka jasho likimtoka, anaapa, "Hakuna nguruwe humu, jamani! Ng'ombe mtupu! Wallahi!" Nao wanamkonyeza. "Sawa sawa, ng'ombe. Niongezee huyo ng'ombe wako anayekoroma."

Niliporudi kwenye mkokoteni wangu akaja dereva wa teksi. "Avo, na yako ina nguruwe?"

"Haina!"

"Aa. Pole." Akaondoka.

Februari 6

Foleni yake imeongezeka. Yangu ni paka.

Februari 10

Mvua. Sikwenda kula bakuli. Baadaye nikaenda. Lilikuwa limefunikwa sahani mvua isiingie.

Februari 18

Leo Tia Filomena katoka kanisani na majivu usoni: Kwaresima imeanza. Nasi mwezi umeandama, kesho tunafunga. Nyumba nzima ina njaa isipokuwa nguruwe.

Februari 20

Ijumaa. Nimetembeza sufuria nzima mchana kutwa, nimefunga, hakuna aliyenunua hata bakuli moja. Jioni Tia Filomena kaniambia Ijumaa za Kwaresima hawali nyama. "Sasa hukuniambia asubuhi?" "Hukuuliza, Avo. Na ulionekana mwenye furaha unavyogonga." Tarjo hakutoka leo. Anaijua nchi. Nilitamani kumchukia kwa hilo pia, nikashindwa kupata sababu.

Februari 25

Nilidhani Ramadhani bakuli litakoma. Asubuhi nikapita, ukuta mtupu. Nikasema haya, roho yangu imefukuzwa kazi. Lakini jioni, adhana ya magharibi inaanza, wateja wake wote wamekwisha, yeye peke yake anafunga turubai, nikamuona anatoka na bakuli. Akaliweka ukutani. Tende tatu pembeni.

Hakukuwa na mtu wa kumtazama. Hapo ndipo nilipokasirika kweli. Mimi nimekuja kupigana na tapeli, sasa huyu anayewafuturisha wafu ni nani tena?

Nimekula. Tende ni za daraja la pili, niandike hilo.

Machi 1

Nimekula.

Machi 2

Nimekula. Aliniona. Alijifanya anatafuta kifuniko.

Machi 9

Lile neno limetembea polepole lakini limefika. Limetoka kwa Wakatoliki likiwa sifa, likaingia kwa Waislamu likiwa uchafu. Alfajiri Pak Mahfud kafunga mashine. Kasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hakuna kusaga. Nyama ya Tarjo imepita humu, na mji mzima unasema ina nguruwe. Basi mashine ni najisi, na mlichosaga nyote ni najisi. Itaoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Na kabla ya hapo nataka kujua ukweli."

"Ukweli gani, Pak!" Tarjo akaonyesha ndoo yake. "Unaniona kila siku nasaga nini!"

"Naona kinachoingia humu. Unachochanganya kwako sikioni."

Wenzetu wakamsogezea mbali ndoo zao, kama ana ukoma. Mmoja akatema mate karibu na kandambili zake. Siku kumi na kitu kabla ya Idi, wakati ambapo kila mtu anatafuta cha kupeleka nyumbani, wote tumekaa bila nyama. Na Tarjo msikitini jana, nasikia, alileta sufuria ya futari, ikarudi imejaa.

Ndiyo hii niliyoitaka. Imechelewa tu njiani. Mkokoteni wake leo umesimama chini ya mti, hauna hata nzi, na uso wangu unamtazama kama nilivyoahidi.

Nimejaribu kucheka. Imetoka kikohozi.

Machi 10

Lastri kapiga simu. Yeye ndiye kapiga.

"Bapak, umesikia?"

"Nini?"

"Watu wa huko wamewapigia simu watu wa huku. Wanasema Bakso Mbah Midi ina nguruwe. Wametumiana picha ya mkokoteni, uso wako mkubwaaa, na jina." Sauti yake ilikuwa kavu, si ya kulia. Bora angelia. "Leo sijauza bakuli hata moja. Wanavuka barabara wasipite mbele yangu. Bu Karni, anayenunua kwetu tangu enzi za mama, amefumba pua."

"Lakini wewe uko Wonogiri! Nguruwe yuko Dili!"

"Jina ni moja, Bapak. Uso ni mmoja. Nani atatenganisha?" Kisha akauliza, "Nani kalisema neno hilo?"

Nikasema mtandao unakatika. Nikakata mwenyewe.

Nimekaa kitandani natazama nguruwe wa Tia Filomena. Tarjo alitaka kuifuta ile picha. Alinisihi. Mimi ndiye niliyemwambia usiiguse. Nimembebea binti yangu mzigo wa nguruwe kuvuka bahari, na nimeutia sahihi kwa uso wangu mwenyewe.

Sitaki mtu anihurumie. Bado nataka kumtia Tarjo kidole jichoni. Lakini Lastri kwanza.

Machi 12

Leo niandike yote, hata kama wino utakwisha.

Pak Mahfud aliita wauza bakso wote kwenye baraza lake kabla ya magharibi. Mvua inapiga mabati mpaka watu wanapigiana kelele. Tarjo kakaa katikati, peke yake, na sufuria ya Sumini mbele yake, kwa sababu aliambiwa alete bakso yake. Amekonda. Shingo imekuwa ya kuku.

"Apishwe kiapo," akasema mmoja.

"Mwizi wa sufuria kiapo atakishindwa?" akasema mwingine, na nikajua habari zangu nazo zimezunguka.

Pak Mahfud akanigeukia. "Mbah, wewe ndiye mkubwa hapa. Tena una kesi naye. Useme. Tukimfukuza, umekubali?"

Wote wakanitazama. Jamani, neno moja tu. Nilivuka bahari kwa ajili ya neno hilo, sikuwa na haja hata ya kulitamka. Ningenyamaza tu, mvua ingemaliza kazi.

"Huyu," nikasema, "aliondoka na sufuria hii bila kuaga. Alimuacha binti yangu akipewa talaka na kiti. Akanichora, akanitia utepe, akaniua. Kwa hayo mtu anaweza kumchemsha humo humo na figili." Tarjo kainamisha kichwa. "Lakini nguruwe hamna. Nimekula bakso yake kila siku tangu Januari."

"Ulikula wapi? Hamsemeshani!"

"Lile bakuli la marehemu mlikuwa mnadhani linaliwa na nani? Mbwa?"

Mtu mmoja nyuma akaanza kucheka, akajiziba mdomo.

"Mimi nimekuwa nikikanda nyama kabla ya baba zenu kuota ndevu," nikaendelea. "Ulimi wangu unajua ng'ombe aliyekula majani makavu na aliyekula mabichi. Mngesimama nami safu moja msikitini kama nimekula haramu miezi yote hiyo?"

"Basi uvumi umetoka kwa nani?" Pak Mahfud kauliza. "Mtu kausema."

Nikakuna chunjua langu. "Kuna mzee mmoja mpumbavu. Kinywa hakina breki."

"Nani? Mtaje!"

"Amekwisha kufa. Picha yake iko kwenye mkokoteni wa buluu."

Walichelewa kuelewa. Tarjo hakuchelewa. Aliinua kichwa, akanitazama, macho yamemtoka kama bakso kubwa ya kati yenye yai ndani. Nilidhani atanirukia. Angekuwa na haki. Akafanya nini? Adhana ilipoanza, akafunua sufuria, akachota, akaniwekea bakuli mbele yangu kwa mikono miwili.

Nikala mbele yao wote. Sikuacha hata tone. Pak Mahfud kanitazama mpaka mwisho, kisha akasukuma bakuli lake. "Nami niwekee. Lakini mashine tutaiosha hata hivyo, mara saba, na anayeshika udongo ni wewe, Mbah."

Nimeshika. Mgongo haunyooki. Pak Mahfud mwenyewe akapiga simu Wonogiri, akazungumza na imamu wa kwetu, akamwambia neno kwa neno, pamoja na upumbavu wangu. Sasa wilaya nzima inajua. Hiyo sehemu ya upumbavu nadhani angeweza kuiruka.

Machi 15

Lastri kauza sufuria nzima. Bu Karni kala bakuli mbili, kwa aibu. Lastri akaniambia, "Bapak, ndiwe uliyesema?" Nikasema ndiyo. Akauliza: "Na yeye? Hata kuniomba radhi hawezi, lakini wewe kila siku unawekewa bakuli."

Hilo limenichoma kuliko udongo wa Pak Mahfud.

Machi 21, Idi

Alikuja baada ya sala. Kanzu mpya, kofia mpya, na nyuma yake nusu ya wauza bakso wa Dili, wamekuja kutazama. Tia Filomena naye kafika na keki, kakaa juu ya ndoo kama yuko sinema.

Tarjo akapiga magoti kwenye tope la uani, kati ya mimi na nguruwe. Akainamisha kichwa mpaka magotini pangu.

"Bapak, nisamehe dhahiri na batini. Sufuria, na picha, na kuondoka kwangu. Nilikuwa naona haya kurudi. Kila mwaka haya ikawa kubwa zaidi."

Wote wakangoja mkono wangu ushuke. Hapa ndipo nilipopaogopa tangu Januari. Mkono ulikuwa hewani. Na nikasikia sauti ya Lastri: na yeye?

Nikaurudisha mkono mapajani.

"Siwezi," nikasema.

Watu wakaguna. Pak Mahfud, "Mbah! Ni Idi!"

"Ningependa sana. Lakini mimi ni marehemu. Marehemu hasamehe mtu. Huyu mwenyewe aliniandika kwa rangi nyekundu. Mimi hapa ni kivuli, kazi yangu ni kula bakuli la kwanza." Nikamuinamia Tarjo sikioni, lakini kwa sauti ya kila mtu. "Aliye hai yuko Wonogiri. Anaitwa Lastri. Magoti hayo yapeleke kwake. Yeye akisema ndiyo, mimi nitafufuka siku hiyo hiyo, nikuwekee mikono yote miwili."

"Bapak, siwezi kumtazama."

"Ndiyo maana mtu hupiga magoti. Unatazama chini."

Tia Filomena akapiga makofi, akasema huyu Avo angefaa kuwa padri.

Machi 24

Mkokoteni wa buluu upo. Asubuhi bakuli ukutani. Katia pilipili vijiko sijui vingapi, masikio yangu ya popo yakatoa moshi. Mpumbavu anapigana! Nimekula lote, nikalirudisha limelambwa.

Machi 25

Pilipili tena. Nimekula.

Machi 26

Leo hakuna bakuli. Mkokoteni umefungwa kwa turubai. Juu yake ufunguo, na sufuria haipo. Dereva wa basi la Atambua anasema kampakia Mjawa mmoja mwenye shingo ya kuku, kakumbatia sufuria yenye bonde safari nzima, hakutaka hata kuiweka kwenye buti.

Nimeufungua mkokoteni. Mimi ndiye ninayeuza sasa, nimesimama chini ya uso wangu. Wateja wapya wanainua macho, wanashuka nayo, wanainua tena. Mtoto mmoja kaangua kilio. Biashara ni nzuri kupita kiasi.

Aprili 3

Ijumaa Kuu, hakuna nyama, nimekaa barazani. Simu ikalia.

"Bapak." Lastri ananong'ona. "Yuko hapa. Mlangoni. Kapiga magoti kwenye tope, na sufuria ya mama kaiweka mbele yake. Bu Karni na mtaa mzima wako nje. Hasemi kitu, anatazama chini. Nifanye nini?"

Moyo wangu ulidunda kama bakuli: tatu za haraka, mbili za uvivu.

"Huko mvua inanyesha?"

"Inanyesha sana, Bapak. Kalowa chapachapa."

"Basi," nikamwambia, "usiwe na haraka. Chemsha chai kwanza. Unywe ya moto, polepole."

Na kwa mara ya kwanza tangu ile Ramadhani, nikamsikia akicheka.

"Na yeye, Bapak, nimpe chai?"

"Utajua wewe. Mimi bado marehemu."